Shotigani kongwe za pampu: kwa nini risasi mpya ni hatari?

Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo ni kitu cha kale. Mtu anaweza kuinunua bila kuchunguzwa kama anayenunua bunduki mpya. Kwa maoni yetu, jina hilo linapotosha. Kitu hiki cha kale bado kinapiga, na wakati mwingine kinamdhuru aliyekishika.

Tuchukue shotigani za Winchester alizobuni John Browning. Ile ya 1893 ilikuwa ya baruti nyeusi, yenye moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi ilipoenea, ilibainika kwamba bunduki hiyo haihimili nguvu yake, na kiwanda kikawa kinawabadilishia wateja kwa kuwapa ya 1897. Hii ya pili ni imara zaidi. Ilitengenezwa hadi 1957, zaidi ya milioni moja, na wapo wanaoipiga hadi leo.

Shida kubwa ni urefu wa risasi. Baadhi ya shotigani hizo, hasa za zamani zaidi, zina chemba ya takriban milimita 65. Risasi ya kawaida ya leo ni ya milimita 70, lakini urefu huo ni wa ganda likishafunguka. Kabla ya kupigwa, mdomo wa ganda umekunjwa, hivyo risasi inaingia vizuri tu. Ukifyatua, mkunjo unafunguka mahali pasipo na nafasi, unabana njia ya marisau, na msukumo wa gesi unapanda. Mtutu ulioliwa na kutu kwa ndani unaweza kupasuka, tena karibu na mkono unaoushikilia.

Halafu kuna ufyatuaji wenyewe. Ukiwa umekandamiza kifyatulio cha 1897 huku unakoki, risasi hutoka palepale chemba inapofunga. Nyundo yake iko nje na haina kitufe cha usalama. Hutegemea nyundo kusimama nusu. Sehemu hiyo ikilika, bunduki kuanguka tu kunatosha.

Huku kwetu, Tanzania na Kenya, leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Shotigani aliyoacha babu ipelekwe polisi, hata kama haijapigwa miaka mingi. Mwenye leseni na bunduki kongwe ampelekee fundi wa silaha mwenye kibali apime chemba na kukagua mtutu kwa ndani, kabla ya kununua hata risasi moja.