Kuhariri Video za 4K: Usikope Kununua Mashine ya Michezo

Wapiga video wa harusi na mazishi hapa Kenya wamepandishiwa kiwango. Mteja anataka 4K, hata simu yake inapiga 4K, nayo tarakilishi ya zamani inakwama kila ukibonyeza kitufe cha kucheza. Basi kijana anakwenda Luthuli Avenue na mkopo mfukoni, anauziwa mashine ya michezo yenye taa za rangi zote. Kwa maoni yangu, wengi wao hawakuhitaji deni hilo.

Hebu tuangalie tatizo lenyewe kwanza. Fremu moja ya 4K ni pikseli 3840 kwa 2160, yaani karibu milioni 8.3, mara nne ya 1080p. Kwa fremu 25 kila sekunde, video ya kawaida isiyobanwa ingekula megabaiti 311 hivi kwa sekunde. Kamera ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, hizo ni megabaiti 12.5 tu. Imebana kazi karibu mara 25!

Inabanaje? Katika H.264 na H.265, fremu nyingi hazihifadhiwi nzima. Zinaeleza tu kilichobadilika kutoka kwa fremu jirani. Ukitazama filamu hakuna taabu, maana mashine inasonga mbele tu. Mhariri, kwa upande wake, anaruka huku na huku, na kila anaporuka mashine lazima itafute fremu nzima iliyo karibu, kisha ijenge upya zilizo katikati. Hapo ndipo inapokwama, na hapo kadi ghali ya grafiki huenda isikusaidie sana.

Sisi watengenezaji wa programu tuna kanuni moja: kabla ya kununua mashine kubwa, punguza kazi. Kwa video, njia ni nakala nyepesi. Programu kama Kdenlive, ambayo ni ya bure, inakutengenezea nakala ndogo ya kila video. Unakata na kupanga ukitumia hizo ndogo, na mwishoni programu inarudi kwenye video halisi na kutoa kazi ya 4K kamili. Mteja hapotezi pikseli hata moja. Utaniambia kutengeneza nakala kunachukua muda. Kweli, lakini mashine inaweza kuifanya usiku umelala. Deni halilali.

Sasa mashine. Ningetafuta tarakilishi ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 8. Kwa nini cha 8? Kwanza, hapo ndipo Core i5 za mezani zilipotoka kwenye kori 4 hadi 6. Pili, grafiki iliyo ndani ya prosesa hizo inafungua H.265 ya biti 10 ya aina inayotoka kwenye simu nyingi. Tatu, Windows 11 inazikubali, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 2025. Ukiona kizazi cha 6 kinauzwa kwa bei ya kutupa, sababu mojawapo ni hiyo.

Chukua kasha kubwa la kusimama, si lile jembamba. Jembamba halina nafasi ya kadi ya kawaida, na umeme wake ni mdogo, kwa hiyo siku ukitaka kuongeza utakwama.

Pesa iliyobaki iende hivi: SSD ya kufanyia kazi, RAM ya gigabaiti 16 au 32, diski ya kawaida ya kuhifadhi, na UPS. Bei ya RAM ilipanda vibaya mwishoni mwa 2025, viwanda vikikimbilia mahitaji ya akili unde, kwa hiyo tafuta mashine ambayo tayari imejazwa. Kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya video ni gigabaiti 45. Arusi ya kamera mbili, saa tatu kila moja, ni 270. Ihifadhi mara mbili, kwenye diski mbili tofauti. Bi arusi haolewi tena Jumamosi ijayo kwa sababu diski yako imekufa.

Sisemi mashine ghali ni upuuzi. Ukifanya kazi nzito ya rangi, kuondoa chembechembe za giza au madoido mengi, kadi nzuri ya grafiki italipa. Na kamera yako ikirekodi H.265 ya 4:2:2 biti 10, mashine ya kizazi cha 8 itatoa jasho. Hapo nakala nyepesi ni lazima, au utafute Intel ya kizazi cha 12, isiyo na herufi F mwisho wa jina, kwani hiyo haina grafiki ndani.

Lakini nunua hayo kwa pesa ya kazi uliyokwisha kulipwa. Mteja hataona taa za kasha lako. Ataona kama keki imekatwa, na kama sauti ya babake inasikika.