Miezi mitatu kwenye uhusiano wa umma, na swali moja la bibi

Baada ya kipindi cha wiki iliyopita, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasoma mawasiliano, na amepata nafasi ya mafunzo kazini ya miezi mitatu kwenye kampuni ya uhusiano wa umma hapa London. Swali lake lenyewe lilikuwa fupi: "Dada, niende? Maana baba anasema hiyo si kazi, na mimi mwenyewe sijui kama ndiyo ninayoitaka."

Mwenzangu wa kipindi alimjibu pale pale: nenda, mlango ni mlango. Mimi nilinyamaza, na wanaonijua wanajua hilo si kawaida yangu. Nimekaa nalo wiki nzima. Jibu langu pia ni nenda, ila sababu yangu ni nyingine kabisa. Wengi wetu huenda mafunzoni tukitaka tuambiwe kwamba ndoto yetu ni sahihi. Yangu ilikatwakatwa kule, nikabakiwa na kipande kimoja, na kipande hicho ndicho ninachokula nacho mpaka leo.

Nilimaliza chuo 2012. Nyumbani kwetu Milton Keynes, kwa wazazi waliotoka Unguja, kazi zilikuwa tatu tu duniani: udaktari, ufamasia na uhasibu. Nilipomwambia mama nataka uhusiano wa umma, akauliza, "Uhusiano gani huo, na umma upi?" Nikamweleza kwamba ni kuzisaidia kampuni na taasisi zielewane na watu. Akafikiri kidogo. "Yaani kuwasifia watu kwa mshahara." Sikuwa na la kumjibu. Kusema kweli, hata mimi nilichokuwa nacho kichwani kilikuwa ni sinema tu: viatu virefu, simu mbili mkononi, na mimi naingia ukumbini kila mtu anageuka.

Wiki ya kwanza nilipewa rula.

Si utani. Kazi yangu ilikuwa kupitia magazeti kila asubuhi, kukata habari zilizowataja wateja wetu, kupima urefu wa kila kipande kwa sentimita, kisha kuzidisha kwa bei ya tangazo la ukubwa ule ule kwenye ukurasa ule. Halafu, eti kwa kuwa wasomaji huamini habari kuliko matangazo, unazidisha tena kwa tatu. Jumla inaingia kwenye jedwali, jedwali linaenda kwa mteja, mteja anafurahi. Nikauliza kwa nini tatu, kwa nini isiwe mbili au saba. Kaka aliyekuwa ananielekeza akacheka: "Mteja anaipenda tatu."

Baadaye ndipo nikaja kusoma kwamba miaka mitatu kabla yangu, 2010, wataalamu wa kupima mawasiliano walikutana Barcelona wakakubaliana kanuni saba, na moja yao inasema wazi kwamba bei ya tangazo si thamani ya uhusiano wa umma. Yaani tulikuwa tunapima kitu ambacho wenye fani walishasema hakipimiki hivyo, na ofisi nzima ilijua. Hilo hukulipati darasani. Darasani nilifundishwa nadharia za mawasiliano. Kwenye ile rula nilijifunza kwamba fani hii ina tabia ya kumpa mteja namba anayoitaka, na kwamba mimi nitalazimika kuamua nitaishi nayo vipi.

Sitaki nionekane nililia miezi mitatu. Nilipenda kuandika. Nilipenda hata kuwapigia simu wahariri, watu wanaokupa sekunde kumi kabla hawajakata, maana unajifunza haraka sana sentensi ya kwanza iwe ipi. Ila kila nilipopewa uzinduzi wa bidhaa, juisi mpya au programu mpya ya simu, nilijikuta natazama saa. Ndoto ya viatu virefu ikaisha yenyewe, hakuna aliyeiua.

Mwezi wa pili tukapata mteja mjenzi. Alikuwa anataka kubomoa mtaa mmoja wa nyumba za halmashauri na kujenga upya, na sisi kazi yetu ilikuwa kuzungumza na wakaazi. Kwa ambao hamuishi London, hili ni jambo zito. Wakati ule Heygate, pale Elephant and Castle, ulikuwa unabomolewa: zaidi ya nyumba 1,000 za halmashauri ziliondoka, na nyumba za kodi nafuu zilizopangwa kuchukua nafasi yake zilikuwa chache mno. Kila mkaazi wa nyumba ya halmashauri alikuwa amesikia habari za Heygate. Kwa hiyo watu wakija ukumbini wanakuja na swali moja tu, hata wakilizungusha vipi.

Mimi niliwekwa meza ya tatu. Sikuwa na ujuzi wowote wa nyumba. Niliwekwa pale kwa ajili ya mtandio wangu na jina langu. Msimamizi alisema, kwa nia njema naamini, kwamba wakaazi "watajiona" kwangu. Nikapewa karatasi ya maswali na majibu.

Akaja bibi mmoja Mbarawa, na mjukuu wake wa kiume. Wabarawa wako wengi kaskazini mwa London, na wengi walipitia Mombasa kabla ya kufika huku. Mjukuu akaanza kumtafsiria, bibi akamkatiza, alikwishanisikia nikimsalimia. Chimini chake na Kiswahili changu cha Milton Keynes vikakutana katikati. Akaniuliza, "Mwanangu, wakibomoa, tutarudi?"

Nikatazama karatasi. Jibu lililoandikwa, kwa Kiingereza kizuri, lilikuwa kwamba wakaazi wote watapata fursa ya kufikiriwa kwa makazi yanayofaa katika mradi mpya. Nikalitafsiri. Nikasikia mwenyewe, maneno yakinitoka mdomoni, kwamba hayana kitu ndani. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeyasoma mara kumi nikayaona ya kawaida. Bibi akanisubiri nimalize, kisha akasema taratibu, "Nimekuuliza tutarudi. Ndiyo au siyo?"

Nikamfuata msimamizi wangu. Akanijibu kwa upole kwamba sentensi ile ndiyo iliyokubaliwa na mteja, nisiongeze wala nisipunguze. Nikarudi mezani. Nikamwambia bibi, "Sijui, bibi. Na hii karatasi haisemi." Akanishika mkono akaniambia asante, akaondoka na mjukuu wake.

Sikufukuzwa, wala hakuna aliyenigombeza. Mkutano uliofuata niliachwa ofisini na rula yangu.

Kwenye treni ya kutoka Euston usiku ule ndipo nilipoelewa ninachokitaka, na kilikuwa kidogo kuliko nilichokuja nacho. Nilitaka kukaa kwenye chumba ambamo ile sentensi inaandikwa. Basi. Ukishafika meza ya tatu umechelewa. Jibu limeshaandikwa na mtu mwingine na kazi yako ni kulibeba. Sasa mimi, ambaye nilikuwa napanga kuomba kazi kwenye kampuni za vipodozi na mitindo, nikaanza kutafuta mashirika ya nyumba na halmashauri. Mshahara mdogo, ofisi mbaya, kahawa mbaya zaidi.

Niko kwenye shirika la nyumba mpaka leo. Mwaka 2018 Meya wa London, Sadiq Khan, aliweka sharti kwamba mradi wa kubomoa nyumba za kodi ya chini ukitaka fedha zake, lazima wakaazi wapige kura kwanza, na kabla ya kura wapewe waraka unaoeleza ahadi za mwenye nyumba, ikiwemo haki ya kurudi. Nyaraka hizo huandikwa na watu kama mimi. Nimeandika kadhaa. Kila nikifika kwenye ukurasa wa kurudi, huwa naisoma sentensi kwa Kiswahili kwa sauti, peke yangu. Wenzangu wameshazoea.

Mwenzangu wa kipindi ana hoja yake, na nisiipuuze. Yeye alifanya mafunzo yake kwenye kampuni kubwa, akapata namba za simu za watu, na mmoja wao ndiye aliyemwajiri. Anasema mtu asiye na mjomba mjini hana anasa ya kuchagua, kwanza aingie. Nusu ya hilo nakubali. Familia zetu zina watu wa kila aina, ila si wengi wenye wajomba kwenye ofisi za magazeti. Lakini kuingia tu bila kutazama nako kuna hatari yake. Bell Pottinger ilikuwa miongoni mwa kampuni zenye jina kubwa hapa London. Septemba 2017 ilifukuzwa kwenye chama cha wenye fani, PRCA, kwa sababu ya kampeni iliyoifanyia kampuni ya familia ya Gupta kule Afrika Kusini, kampeni iliyolaumiwa kwa kuchochea chuki za rangi. Siku chache tu baadaye ikaanguka kabisa. Mara nyingi nimemfikiria kijana wa mwezi wa pili aliyekuwa pale, akikata vipande vyake vya magazeti, akidhani ameufikia mlango.

Sasa wewe uliyetuma ujumbe, tuje kwenye fedha, maana hukusema kama wanalipa na mimi ningeuliza hilo kabla ya lolote. Mimi nililipwa nauli tu, tena nusu nusu. Mshahara wangu wa Jumamosi, na ndiyo, nilikuwa nauza kwenye duka la dawa, mama alifurahi, wote uliishia kwenye tiketi ya treni. Nilikuwa mjinga wa sheria. Hapa Uingereza kima cha chini cha mshahara kimekuwepo tangu Aprili 1999, na jina la "mafunzo" haliwaondolei wajibu. Kama una saa maalumu za kufika na kazi maalumu za kufanya, kwa kawaida wewe ni mfanyakazi na unastahili kulipwa. Iko tofauti inayokugusa: mafunzo ambayo ni sehemu ya lazima ya digrii yako na hayazidi mwaka mmoja, hapo hawalazimiki. Kwenda kutazama tu bila kufanya kazi, nako hawalazimiki. Kwa hiyo soma barua yao vizuri, na kama ni baada ya kuhitimu, dai haki yako. Watafute pia Taylor Bennett Foundation. Tangu 2008 wanawafundisha vijana weusi, wa Kiasia na wa jamii nyingine za wachache wanaotaka kuingia kwenye fani hii. Mimi nilichelewa kuwajua.

Ukishaingia, omba kitu kimoja: ukae kwenye mkutano na mteja, hata kama ni kuandika kumbukumbu tu. Kule ndiko utakakoona nani anasema "hapana" kwa mteja, kama yupo. Na angalia wanakutumia wapi. Baada ya ule ukumbi, kila kitu chenye neno Afrika kilianza kuletwa mezani kwangu, hata kahawa ya Ethiopia, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Lugha yako ni ujuzi, na ujuzi unalipwa. Wakikuita kwa ajili ya sura tu, utajua, tumbo litakwambia.

Baba yako mwambie ni kazi. Mama yangu ilimchukua miaka sita kukubali, na bado hajui kuieleza. Harusini Milton Keynes huwa anasema, "Huyu anafanya kazi ya nyumba," basi shangazi na makhalati wananiletea barua za halmashauri kwenye mikoba yao, katikati ya biriani, niwasomee. Ya mwisho niliyoletewa ilikuwa kurasa mbili na haikuwa na ndiyo wala siyo. Jumatatu nikampigia simu aliyeiandika. Alikuwa binti mdogo, wiki yake ya tatu kazini, na akaniambia sentensi ile alipewa.