Kodi ya Nyumba na Mikataba ya Maneno Matupu

Mwalimu aliyehamishiwa mjini hupokea mshahara wake mwisho wa mwezi, lakini mwenye nyumba humtaka kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Dalali naye hudai fungu lake, ambalo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Fedha zote hizo mara nyingi hutolewa kwa maneno ya barazani au kwa kijikaratasi kisichotaja hata tarehe ya kuhama. Ugomvi wa baadaye huzaliwa siku hiyo.

Zamani mambo hayakuachwa hivyo. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mabwanyenye waliokuwa wakinyonya jasho la wapangaji wakakatiwa mrija. Sheria ya udhibiti wa kodi ya mwaka 1984 nayo iliweka mabaraza ya nyumba ya mikoa. Mwaka 2005 sheria hiyo ilifutwa, na kiwango cha kodi kikaachiwa makubaliano ya pande mbili. Ni kweli kwamba kodi iliyobanwa mno humvunja moyo anayetaka kujenga, na miji yetu ina uhaba wa nyumba. Lakini makubaliano kati ya mwenye ufunguo na mwenye watoto waliokaa juu ya mizigo yao barabarani ni makubaliano ya aina gani?

Hata hivyo, wanaodhani kwamba tangu hapo mwenye nyumba anaweza kufanya apendavyo wamekosea. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji haki ya kukaa kwa utulivu madhali analipa kodi na kutimiza masharti. Aidha, pale ambapo mkataba haukutaja muda wala notisi, sheria inauhesabu kuwa mkataba wa vipindi, na notisi ya kuuvunja haiwezi kuwa fupi kuliko kipindi ambacho kodi hulipiwa. Kwa hiyo anayetoza kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kisha akaja na notisi ya majuma mawili kwa kuwa amepata mpangaji mwenye fedha zaidi, amejifunga kwa kamba aliyoisuka mwenyewe. Anayeezua mabati ili kumtoa mdaiwa huacha kuwa mdai, akageuka mkosaji.

Si wenye nyumba wote walio mabwanyenye. Wengi ni watumishi wastaafu waliojenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo chao, na wajane wanaoishi kwa kodi hiyo. Hao ndio wanaoumia zaidi kwa kukosa maandishi. Mpangaji akikataa kulipa, shauri hupelekwa barazani, na mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Tena Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kupangisha nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Na mwenye nyumba akifariki dunia, kila mtoto hujitokeza kudai kodi, ilhali mwenye mamlaka ya kuipokea ni msimamizi wa mirathi. Mpangaji aliyekwisha kumlipa kaka mkubwa anaweza kujikuta akidaiwa mara ya pili.

Yapo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Ofisi za kata zinaweza kuwa na mfano wa mkataba kwa Kiswahili chepesi, wenye kutaja kodi, muda, notisi na nani atengeneze paa linapovuja. La pili ni la Bunge: kuweka kikomo cha kodi inayodaiwa kabla. Bei ya chumba ibaki ya mapatano, lakini mtumishi anayelipwa kwa mwezi aruhusiwe naye kulipa kwa mwezi, au angalau kwa miezi mitatu.