Mpanda mlima hushuka

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, kijana wetu aliyemaliza kidato cha sita alikuja sebuleni na daftari mkononi. Yeye na wenzake watatu wamekusudia kupanda Usambara kwa baiskeli mwishoni mwa Juni: basi kutoka Tanga hadi Mombo, kisha baiskeli hadi Lushoto, siku ya pili Magamba, siku ya tatu kurejea. Mama yake hakulifungua daftari. Alisema, "Mimi nilikuzaa, sitaki kwenda kukupokea hospitali," akaingia jikoni.

Ndugu msomaji, wazazi wengi tungeishia hapo. Lakini kijana akatazwaye bila kusikilizwa huweza kwenda bila kuaga. Kwa hiyo nilimwomba daftari, nikalisoma lote. Kurasa tatu zilikuwa za kupanda: muda wa kuondoka, nani atangulie, maji yanywewe wapi. Siku ya tatu ilikuwa na neno moja tu: "Kurudi."

Tulianza na yale aliyoyaandika. Mombo iko chini, kwenye joto la tambarare, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari; Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake ni lami ya kilomita takriban 33, inayopita Soni, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kwa kona kali na upana mdogo. Ukigawanya, ni wastani wa mita 3 za kupanda kwa kila mita 100. Lakini wastani hudanganya, kwa sababu zipo sehemu za kupumzika na zipo sehemu zinazosimama. Mwendeshaji aliyezoea kilomita 18 kwa saa mjini Tanga asishangae kupata 7 au 8 akiwa na mzigo. Maana yake ni saa nne au tano njiani, pamoja na mapumziko. Basi walale Mombo, waondoke mara baada ya Alfajiri, na Adhuhuri iwakute wamefika au wamekaribia. Anayeanza saa nne asubuhi huchomwa na jua pale pale mlima unapomtaka nguvu.

Nilimwuliza habari za baiskeli. Tatu zina gia. Ya mwenzao mmoja haina. Hiyo haifai, na si haki kumwacha rafiki asukume kilomita 20 huku wengine wakimsubiri kivulini. Ama aazimiwe nyingine, ama safari isubiri. Maji ni kati ya nusu lita na lita nzima kwa kila saa, pamoja na tende na kitu chenye chumvi, kwani jasho haliondoki na maji peke yake.

Magamba iko kilomita chache juu ya Lushoto. Ule ni msitu wa hifadhi, wenye mikulo mikubwa na mbega juu ya matawi. Haingii mtu kama aingiavyo sokoni: kuna ofisi, kuna kujiandikisha na kulipa ada. Baiskeli za matairi membamba zibaki kwenye lami. Vijia vya msituni ni vya miguu.

Kisha tukafika kwenye lile neno moja. Nilikunja mkono wa kanzu nikamwonyesha kovu la kiwiko, ambalo kwa miaka yote nimekuwa nikisema nililipata kwenye mpira. Nilikuwa na umri kama wake. Tulipanda vizuri, tukashuka kwa furaha, nami nilivaa shati lililolowa jasho. Hewa ya juu huwa baridi kuliko ya chini kwa nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000, na upepo wa kushuka huzidisha. Vidole viliganda, na mipira ya breki ilikuwa imelika bila mimi kujua. Chini ya Soni nilibana, baiskeli haikusimama. Niliangukia mtaroni, upande wa mwamba. Ingekuwa ni ile kona iliyofuata, ningeangukia upande wa bonde.

Basi tukaandika ukurasa wa nne. Mipira ya breki na nyaya zake vibadilishwe na fundi kabla ya safari, na vijaribiwe kwenye mteremko mdogo. Kila mmoja awe na jaketi kavu na glavu. Breki isishikiliwe mfululizo, kwani mwendo unaozuiwa hugeuka joto, ringi huchemka, na tairi huweza kupasuka. Mtu apunguze mwendo kabla ya kona, kwa breki zote mbili, kisha aachie. Wasimame kila baada ya kilomita chache, waache ringi zipoe. Waachane mita 30, wabaki kushoto, wasikate kona, wala wasishindane na basi wala lori la mboga linaloteremka.

Sharti la mwisho lilikuwa gumu kwake. Ringi iliyolowa haikamatiki vizuri, na mlima ule mvua hauulizi msimu, ijapokuwa masika yamepita. Kwa hiyo kila mmoja atenge nauli ya gari kutoka Lushoto hadi Mombo, isiyoguswa kwa chai wala kwa picha. Ikinyesha, baiskeli zipande juu ya gari. Alisema, "Baba, watatucheka." Nikamjibu kwamba mimi nilichekwa pia, nikiwa nimefungwa bendeji.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Habari ya kovu aliisikia usiku ule kwa mara ya kwanza, na hilo nina deni nalo. Alichukua daftari, akasoma ukurasa wa nne peke yake, akauliza, "Hiyo nauli iko wapi?" Kijana hakuwa nayo bado. "Ikipatikana, tutazungumza." Siku ya tatu aliiweka mezani. Mama yake aliihesabu mara mbili, akaishonea mfuko ndani ya jaketi.

Mzazi mwenzangu, mwanao akikuletea mpango wa safari ngumu, usianze na ndiyo wala hapana. Fungua daftari, utafute siku ya kurudi imeandikwa maneno mangapi. Ikiwa ni neno moja, kaeni chini muiandike pamoja, na kama una kovu, mwonyeshe.

Mwenyezi Mungu awarejeshe wasafiri wetu salama. Wabillahi tawfiq.