Dume na Jike kwa Kidole? Acheni Hizo

Wacha niseme na mnikasirikie vizuri: wengi wanaouza cherero, hawa ndege mtaani tunawaita lovebirds, hawajui dume ni yupi. Wanabahatisha, halafu wewe ndiye unalipia.

Mimi nililipa elfu nne. Jamaa alimgeuza ndege juu chini, akampapasa nyonga sekunde mbili, akasema, "Huyu dume, huyu jike, peya safi." Nikaamini juu hakupepesa macho.

Miezi saba baadaye, sanduku lilikuwa na mayai tisa. Nikapost, mkapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu alijiuliza mbona tisa, na jike mmoja kwa kawaida hutaga manne hadi sita. Siku 23 za kuatamia zikapita, kimya. Nikamulika na tochi ya simu: meupe ndani, hakuna mshipa. Majike wawili, wasee. Na walikuwa wanalishana mdomo kwa mdomo na kupandana kama maharusi, kwa hivyo msiniambie eti "angalia tabia." Majike wawili wakiishi pamoja hufanya hayo yote.

Cherero wa Fischer na yule wa uso mweusi, ndio wengi tunaouziwa hapa, dume na jike wana rangi zilezile. Zipo aina ambazo zinatofautiana, kama wa Ethiopia ambaye dume ana paji jekundu, au wa Madagaska ambaye dume ana kichwa cha kijivu. Lakini si hao wako kwa hizo keji. (Enyewe hata wale wa Naivasha, Fischer na uso mweusi wamezaana mpaka kujua aina tu ni kazi.)

Najua mtaniambia mzee fulani amefuga miaka ishirini na kidole chake hakikosei. Sawa. Jike mkomavu anayekaribia kutaga, mifupa ya nyonga hupanuka na kulegea, hapo kidole kinaweza kuhisi kitu. Lakini wangu walikuwa bado na weusi kwa mdomo! Hao ni watoto. Hapo unapapasa nini?

Kinachojibu ni kipimo cha DNA, kwa tone la damu au unyoya uliong'olewa na mzizi wake. Jike ana kromosomu Z na W, dume ana Z mbili. Basi. Kama huna hicho kipimo, andika "ndege wawili," uza bei yako ileile, na mtu akiuliza sema hujui. Utakufa?

Juu wangu alikufa. Waliendelea kutaga, na mimi sikujua kila ganda linakula kalisiamu ya mwili. Awamu ya tatu nikampata mmoja chini ya keji, amejivimbisha manyoya, mkia unapanda na kushuka akijikamua. Yai limekwama. Daktari wa mifugo niliyempata usiku huo alizoea ng'ombe na mbwa. Asubuhi hakuwepo.

Nilimpigia muuzaji. Akacheka, akasema atanipa discount kwa dume, "huyu sasa ni wa uhakika." Nikamuuliza amejuaje.

"Nimempima, buda."

Sanduku nimetoa. Aliyebaki anakula maganda ya mayai yaliyosagwa, na bado analala upande wake wa kijiti, ameacha nafasi.