KIDOLE KIMETOLEWA, DHAMANA IKO WAPI?

Mkulima wa korosho wa Newala na wa Masasi amekwisha kutoa kila kitu ambacho simu ilimtaka atoe. Ametoa fedha ya kuinunua. Ametoa jina lake na namba ya kitambulisho chake cha taifa. Mwisho ametoa alama ya kidole chake. Leo twauliza swali moja tu, nalo ni swali la haki: yeye amepewa nini badala yake, ili mali yake isiibwe kwa chombo hicho hicho alichokitolea kidole?

Asidhani mtu yeyote kwamba sisi ni maadui wa simu. Tangu mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza katika nchi yetu, fedha za mfanyakazi zimepata njia iliyo fupi kuliko barabara. Mpakizi wa mizigo bandarini Dar es Salaam alikuwa akimpa dereva wa basi bahasha, akimwomba Mungu ifike Newala. Leo humtumia mama yake fedha jioni, naye mama huzipokea kabla sufuria haijateremshwa jikoni. Tangu mwaka 2014 makampuni yalianza kupatana ili fedha ziweze kutoka mtandao mmoja na kuingia mwingine, jambo ambalo nchi nyingi zilikuwa bado hazijalifanya. Mwisho wa mwaka 2024 laini za simu zilizosajiliwa nchini zilikuwa zimepita milioni 80, na hali sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Chombo kilichoenea kiasi hicho si anasa tena. Ni kama jembe, na jembe la mtu hulindwa.

Basi na tutazame jinsi mambo yalivyo huku kusini. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza katika korosho za Mtwara msimu wa mwaka 2007. Mkulima huokota korosho, huzikausha, huzipeleka katika chama chake cha msingi, huko zikapimwa na kuandikwa, kisha zikaenda ghalani kungoja mnada. Wa Newala wamo chini ya TANECU pamoja na ndugu zao wa Tandahimba. Wa Masasi wamo chini ya MAMCU. Mwaka 2018 wanunuzi walipotoa bei ndogo, Serikali ilizinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuzibeba. Fedha zikapita benki baada ya uhakiki wa kijiji kwa kijiji. Mwaka 2024 minada ikafanyika kwa njia ya kompyuta katika Soko la Bidhaa Tanzania, na mnada wa kwanza wa mwezi Oktoba ulipita shilingi 4,000 kwa kilo. Wakulima walifurahi, nasi tulifurahi pamoja nao.

Lakini habari njema haina mlango wa kufunga. Siku ya mnada hutangazwa, bei hutangazwa, na kila mtu ajua kwamba baada ya siku chache fedha zitaingia katika akaunti za watu wa Newala na Masasi. Mkulima asoma habari hizo, na mwizi naye azisoma.

Mwizi wa zamani alikuja usiku akavunja mlango. Mwizi wa leo hana haja ya kupanda uwanda wa Makonde. Akiwa amekaa kitini mkoa mwingine, aandika maneno machache, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” ayapeleka kwa watu maelfu, kisha angoja. Katika maelfu hao hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia mtu fedha siku ile. Mwingine hupiga simu akijiita mtumishi wa kampuni, ajua na jina lako, akuomba namba ya siri ili “akurekebishie akaunti.” Mwingine hukuletea ujumbe uliofanana na ujumbe wa kampuni, kwamba fedha zimeingia kwako kwa makosa, uzirudishe upesi kwa maana mwenyewe ana mgonjwa hospitali. Huyu ndiye mbaya kupita wote, kwa sababu auibia wema wa mtu. Hamwingilii mwenye tamaa. Humwingilia mwenye huruma.

Tena yako maovu mengine yaliyo kimya zaidi. Wako wazee wetu wengi wasioweza kusoma maandishi madogo ya simu. Namba yao ya siri ajua mjukuu, au ajua wakala wa pale sokoni anayewatolea fedha. Mtu wa namna hiyo siku ya kusajili laini huambiwa na kijana mwenye mashine, “Bibi, weka kidole tena, hakikusoma.” Bibi aweka mara ya pili. Kumbe mara ya kwanza kilisoma vizuri, na mara ya pili imezaliwa laini nyingine kwa jina lake, ambayo hataiona kamwe. Laini hiyo yauzwa, yaingia mkononi mwa mwizi, na siku polisi wafuatapo nyayo za wizi, nyayo zaishia mlangoni pa bibi. Ndiyo sababu Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka njia ya kupiga *106# ili mtu aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Njia hiyo ni nzuri. Lakini ni bibi wangapi wa vijijini walioambiwa habari zake?

Sasa tuje kwenye sheria, maana sheria hazikukosekana. Ilitungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta mwaka 2010. Ikatungwa Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Tarehe 1 Mei 2019 ukaanza usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho wake ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Watu walipanga misururu mirefu juani kutafuta namba ya kitambulisho. Waliambiwa kwamba taabu hiyo ni ya kuwafichua wezi, nao wakaikubali. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, isemayo kwamba taarifa za mtu si mali ya kuchezewa na aliyezikusanya.

Hizi zote ni sheria za nchi nasi twaziheshimu. Lakini zipimeni kwa mizani ya mkulima. Zile zinazomdai yeye zilimfikia mpaka kitongojini, kwa siku iliyotajwa na kwa adhabu iliyo wazi: usiposajili, laini yazimwa. Zile zinazomlinda hazimfikii ila akizifuata mwenyewe. Akiibiwa huambiwa apige simu huduma kwa wateja, naye husikia muziki mpaka salio limwishie. Huambiwa aende polisi, na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu yaweza kushinda fedha aliyoibiwa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka huyu yumo ndani ya nyumba.

Wako watakaojibu kwamba mkulima alijitakia mwenyewe, kwa kuwa alimpa mgeni namba yake ya siri. Jibu hilo lina ukweli kidogo, ila kosa lake ni kubwa zaidi. Laini aliyoitumia mwizi ilisajiliwa na nani? Ilisajiliwa na wakala wa kampuni. Fedha zilizoibwa zilitolewa wapi? Zilitolewa kwa wakala wa kampuni. Katika kila hatua ya safari hiyo, kuanzia kutuma mpaka kutoa, yalikatwa makato, na makato hayo yalikwenda kwa kampuni, wizi kwa wizi kama halali kwa halali. Mtu hawezi kupokea ushuru wa mlango halafu akasema hajui habari za waliopita mlangoni.

Angalieni ghala. Mwenye ghala apokeapo magunia ya chama, hutoa stakabadhi, naye hujibu kwa magunia hayo. Yakipungua kwa uzembe wake, haambiwi mkulima kwamba alipaswa kulala ghalani na rungu. Hiyo ndiyo maana ya dhamana. Kwa nini korosho ikiwa gunia iwe na mdhamini, lakini korosho ile ile ikigeuka kuwa fedha ndani ya simu ipoteze mdhamini wake? Sisi hatuoni sababu, ila desturi mbaya iliyoachwa kukomaa.

Wala isisemwe kwamba hakuna fungu la kulipia. Fedha za watu zilizomo katika simu huwekwa benki katika akaunti za amana, nazo huzaa faida. Mwaka 2014 kampuni ya Tigo, ambayo tangu mwaka 2024 yaitwa Yas, ilianza kuwagawia wateja wa Tigo Pesa faida itokanayo na fedha hizo. Basi yawezekana. Sehemu ya faida hiyo na iwe mfuko wa fidia kwa walioibiwa kupitia laini zilizosajiliwa kwa hila. Mkulima amekwisha kulipa vya kutosha. Julai 2021 iliwekwa tozo ya miamala kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000. Watu wakalia, na mwezi Septemba mwaka ule ule ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikaendelea kupunguzwa baadaye. Somo la tozo ile ni kwamba gharama ikizidi, watu hurudi kwenye bahasha ya dereva wa basi, na kila mtu hupata hasara.

Jambo la mwisho ni habari na uvumi. Kila msimu wako walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa bakuli kwa mtu mwenye shida kabla ya mnada. Mlanguzi hupenda giza. Zamani aliueneza uvumi kilabuni kwamba bei mwaka huu itaanguka. Siku hizi kundi la WhatsApp humfanyia kazi hiyo kwa dakika moja. Sheria ya mwaka 2015 yaadhibu mtu anayeeneza habari za uongo kwa kompyuta, na mwongo wa namna hii yastahili ashitakiwe. Lakini dawa ya uvumi si ukimya. Dawa yake ni habari ya kweli iliyotangulia kufika. Chama cha msingi kinachobandika bei ya mnada ukutani siku ile ile, na kuipeleka kwa simu za wanachama, kimemnyang’anya mlanguzi kinywa chake.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kunyamaza juu ya kuzimwa kwa intaneti. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa siku takriban tano. Oktoba ndio mwezi wa korosho kuokotwa na kupelekwa maghalani. Tukiisha kumwambia mkulima kwamba soko lake sasa limo katika waya, hatuwezi kuukata waya na kusema kwamba soko liko wazi. Ulinzi wa nchi ni jambo kubwa, lakini riziki ya watu ni sehemu ya ulinzi huo.

Basi twashauri mambo haya. Kwanza, laini ikithibitika kusajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua, hasara yote iliyotokana nayo iwe ya kampuni, si ya mwenye kidole wala ya aliyeibiwa. Pili, malalamiko yasikilizwe hapa hapa wilayani, Masasi na Newala, na fedha zinazoshukiwa zizuiwe siku ile ile, kabla wakala hajazitoa. Tatu, kila chama cha msingi, kabla ya mnada wa kwanza, kiwe na siku moja ya kukagua laini za wanachama: vijana waliosoma wawapigie wazee *106#, wawaeleze kwa Kimakonde, kwa Kimakua na kwa Kiyao, na wawaonyeshe jinsi ya kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040. Nne, ujumbe wowote wa malipo ya korosho ulingane na daftari la chama, na daftari hilo liwe wazi kwa mwanachama kulisoma au kusomewa.

Jambo la tatu halingoji Bunge wala kampuni. Laweza kufanywa Jumamosi hii chini ya mwembe. Twawaambia wanachama na wafanyakazi: ninyi mlio mijini mnaotuma fedha nyumbani, msitume fedha tupu, tumeni na maarifa. Mwambieni mama kwamba hakuna mtumishi wa kampuni anayeomba namba ya siri, wala hatakuwapo. Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi, mnaojua kuhesabu magunia, jifunzeni kuhesabu na laini.

Kwa makampuni na kwa watunga sheria neno letu ni fupi. Mmekichukua kidole cha mkulima, naye hakuwanyima. Sasa mpeni dhamana yake, kwa maandishi, na kwa lugha anayoisoma.