Folda Moja, Watu Wawili

Mwezi huu hebu fungua simu yako. Tulia, sitaki meseji (hizo tutaziongelea siku nyingine!), nataka ile programu unayoandikia mambo ya kufanya.

Yangu ilikuwa imepangwa hadi raha. Folda ya Kazini, ya Nyumbani, ya Ukoo. Ndani ya Nyumbani kulikuwa na orodha tatu: sokoni, bili, mtoto. Nikamshirikisha mume wangu, nikajiona mwanamke wa kisasa kwelikweli.

Junior alipotimiza miezi 9, siku ya chanjo ya surua na rubella ikapita hivihivi. Mimi nilikuwa safarini kikazi, na moyoni nilijua baba yake ameiona. Niliporudi nikamwashia moto.

"Hivi Baba Junior, kitu kimeandikwa na tarehe juu, umeshindwa hata kusoma?"

Akanipa simu yake. "Nionyeshe ilipoandikwa, Mama Junior."

Jamani! Kwenye simu yake kulikuwa na orodha moja tu: sokoni.

Kumbe nilimshirikisha orodha moja nikadhani nimempa folda nzima. Kwa wale mnaotumia Microsoft To Do, folda inaitwa kikundi, na ni mpangilio wako mwenyewe; mwenzako unamwalika kwenye kila orodha kivyake. Kosa lilikuwa langu. Chanjo Junior alipata wiki iliyofuata, lakini maneno niliyomtupia baba yake hayana kitufe cha kufuta. Ilibidi niombe radhi, tena kwa kituo.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye. Tulipokaa kuzishirikisha zile orodha nyingine, mwenzangu akanyamaza, akaanza kuhesabu. Mambo 31 ndani ya Nyumbani. Kati ya hayo, 27 nilikuwa nayafanya mimi.

"Mbona hukuniambia?" akauliza.

Nikakosa jibu. Mzigo nimeufungia kwenye folda yangu, halafu nanuna kwamba hausaidiwi!

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu tunafanya hivi:

Folda ziwe chache. Tatu au nne zinatosha. Ukiwa nazo kumi, utatumia muda mwingi kutafuta kuliko kufanya.

Andika kitendo. Ukiandika "maji", wiki ijayo hutajua ulimaanisha nini. Andika "lipia bili ya maji", na tarehe yake.

Kila jambo liwe na mwenyewe. Kwenye orodha mnayoshirikiana unaweza kumkabidhi mtu jambo kwa jina lake. "Tutafanya" maana yake hakuna atakayefanya.

Hakikisha kwenye simu ya pili. Ukishashirikisha, omba uone kwa macho yako kama orodha imefika. Dakika moja tu ingeniokoa mimi.

Folda ya Baadaye isiwe kaburi. Jambo likilala humo mwezi mzima, lipe tarehe au lifute. Usijidanganye.

Si kila kitu cha kushirikisha. Ya Kazini yabaki yako. Na ile orodha ya zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, ficha!

Jumapili jioni, watoto wakishalala, tunakaa dakika 15 na chai mezani. Tunafungua Nyumbani, tunagawana. Sasa hivi mambo ya mtoto yako chini ya jina la baba yake, na Junior alipotimiza miezi 18 ni yeye aliyempeleka kliniki. Mimi nilikumbushwa kwa picha.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, kabla hujamnunia mwenzako kwa kusahau, angalia kwanza: aliwahi kukiona? Simu inaweza kupanga mambo vizuri sana, lakini kuambizana ni kazi yenu wawili.

Tukutane mwezi ujao. Pendaneni!